Pembe ya Kaniki

Hapo zamani (na anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sirudi nyuma) palikuwa na mji mmoja wenye desturi yake. Nyumba ikishaezekwa, haingii mtu. Huingizwa paka kwanza. Paka huzunguka, hunusa, mwisho huketi na kuikodolea macho pembe moja. Pembe hiyo huachwa tupu. Hapawekwi kitanda, hapawekwi mtungi, hapafagiliwi. Paka anatazama, watu wanaishi. Usiniulize anatazama nini. Wenyewe hawakuuliza, na walikuwa na akili kukuzidi.

Basi ukapita ugonjwa wa paka. Walitapika povu, wakakataa maji, wakafa. Akabaki mmoja tu mji mzima, jike jeusi, jina lake Kaniki, paka wa Mize mfinyanzi.

Nyumba nyingine zote, pembe zikawa hazina wa kuzitazama. Ndipo ilipoanza. Jua likisimama utosini, watu wakikosa vivuli, nyumba zilipoa kama kisima. Mitungi ilikutwa imegeuzia midomo ukutani. Bwana mmoja aliijaza pembe yake magunia ya mchele, akatoka kunawa mikono. Aliporudi alikuta magunia katikati ya chumba, yamekaa duara, kama watu wanaosubiri sinia.

Katika mji huo alikuwapo Bi Somoe, mkunga. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuzaa watoto saba na kuzika sita. Aliyebaki ni Mwanaheri, na Mwanaheri alikuwa na mimba iliyokwisha kushuka.

"Mama," alisema siku moja, "mimi sizai chumbani humu."

"Utazalia wapi, njiani?"

"Humu mna mtu. Nikivuta pumzi, anavuta. Nikishusha, anashusha. Mama, huyo anajifunza."

Bi Somoe hakumwambia mwanawe kuwa naye alikuwa akimsikia. Alijifunga kanga yake, akaenda moja kwa moja kwa Mize. Huko alimkuta shemeji yake, Mzee Pazi, fundi wa kujenga nyumba, mtu wa mzaha asiyefunga mdomo. Pazi naye alikuwa na shida yake. Bila paka hapana nyumba mpya, na bila nyumba mpya fundi hulala na njaa.

Kaniki alikuwa na mimba. Mize alikwisha kumpapasa tumbo. "Ni viwili," alisema. "Tuseme wazi kabla havijazaliwa. Mama mtu abaki kwangu. Kitoto kimoja cha Bi Somoe, kimoja cha Mzee Pazi."

Wakapeana mikono, watu watatu, paka watatu. Hesabu gani iliyo safi kuliko hiyo?

Siku ya siku, jua limepanda, Mize akaja mbio, mikono ingali na udongo.

"Bi Somoe! Anasukuma tangu alfajiri na hakitoki kitu. Sasa anatoa ute wa kijani!"

Bi Somoe alisimama. Ute wa kijani kabla ya kitoto maana yake kondo la nyuma limekwisha kuachia, na wa ndani hana pumzi ya kuazima. Alinyakua mafuta ya nazi na vitambaa. Njiani Pazi akawafuata, akicheka.

"Shemeji, leo unazalisha mwenye mkia? Usimwulize baba ni nani, utatutia aibu mji mzima!"

"Funga mdomo, ukanichemshie maji."

Walipoingia, wakaona ajabu. Mnyama mwenye uchungu hujilaza, hujificha, hutafuta giza. Kaniki alikuwa ameketi wima. Tumbo linakaza, mgongo unatetemeka, macho ameyakaza kwenye pembe. Bi Somoe akamshika kumlaza. Kaniki akamng'ata kidole gumba mpaka mfupani. Bi Somoe hakumwachia, akamgeuza kichwa kwa nguvu.

Chumba kikapoa. Juu ya rafu, chungu kimoja kikaanza kugeuka chenyewe, taratibu, kikikwaruza ubao.

Bi Somoe akaachia mkono. Paka akarudi kutazama pembe, chungu kikasimama.

"Nimeelewa," alisema, damu ikimchuruzika. "Hataki kuacha zamu. Atakaa hivi mpaka afe, na vitoto vimo ndani. Lazima mtu atazame badala yake."



"Mimi siwezi," alisema Mize. "Miaka sita nalala chumba hiki, na miaka sita nimeipa pembe hiyo mgongo."

"Na mimi ndiye mwenye mikono," alisema Bi Somoe.

Pazi akacheka. "Pembe hii niliijenga mimi. Fito na udongo. Itanifanya nini? Nitakaa mpaka azae. Mkinisikia nacheka msishangae, nimemwona mama mkw..."

Hakumaliza. Alikuwa ameketi, ametazama, na neno likamfia mdomoni. Kaniki akamwangalia usoni kwa muda. Kisha akaipa pembe mgongo, akajilaza.

Bi Somoe alinawa, akajipaka mafuta, akaingiza kidole kidogo. Akakuta mkia, miguu haipo. Kitoto kimekuja kwa matako, kimekunja miguu tumboni. Aliisubiri misuli ilegee, akaitafuta miguu, akaishusha mmoja mmoja. Akaishika kwa kitambaa. Paka akisukuma, anavuta. Paka akipumzika, anapumzika. Kikatoka. Kilikuwa kimekufa zamani. Cha pili kikafuata ndani ya kifuko chake, kimya. Mize akapasua kifuko, akakipangusa pua, akakisugua mgongo kwa kitambaa, akakipulizia pumzi ndogo, ndogo sana. Akasugua tena. Kikalia.

Kaniki akakilamba mara moja. Damu haikukatika. Akafa kabla kivuli hakijarudi miguuni pa watu.

"Inuka, shemeji," alisema Bi Somoe. "Kazi imekwisha."

"Nikiinuka, nani atatazama?"

Wakakigeukia kitoto. Macho yake yalikuwa yamefumba, kama ya kila kitoto cha paka.

"Hufumbua lini?" aliuliza Pazi, bila kugeuka.

"Siku ya tisa," alisema Mize. "Pengine ya kumi."

Pazi hakuinuka.

Mize akakiweka kitoto kifuani, akakinywesha maziwa ya mbuzi kwa ncha ya kitambaa, usiku na mchana, siku ya kwanza mpaka ya tisa. Kidole cha Bi Somoe kikavimba, kikawa cheusi, ngariba akakikata. Siku ya kwanza mpaka ya tisa alijiuliza, mkunga asiye na gumba atakamata nini. Na Pazi akakaa. Walimlisha kwa mkono. Siku ya tatu aliacha mzaha. Siku ya tano aliacha kujibu salamu. Siku ya saba Mize alimkuta akipumua kwa kufuatana na mtu, naye alikuwa peke yake.

Siku ya tisa, saa ya jua la utosi, kitoto kikafumbua macho. Bi Somoe akakiweka chini, akakielekeza kwenye pembe.

Kikageuka. Kikajikokota, miguu ikitawanyika sakafuni, kikaketi mbele ya Pazi. Kikamkodolea macho. Manyoya yakasimama.

Pazi akainuka, magoti yakialika. Akatabasamu. "Pembe ni tupu sasa," alisema. "Sikieni joto lilivyorudi."

Na kweli joto lilikuwa limerudi. Pazi akaenda mlangoni, kitoto kikamfuata kwa macho. Akarudi, kikamfuata.

Saa hiyohiyo Mwanaheri akatokea uani, ameshika ukuta. "Mama," alisema, "imeanza."

Bi Somoe akainama kukichukua kitoto. Mize akamshika mkono.

"Ngoja, Bi Somoe. Nakuheshimu, lakini ngoja. Paka alikuwa wangu, naye amekufa. Pumzi iliyomo humo niliipuliza mimi, maziwa niliyatoa mimi. Mnaambiwa pembe ni tupu. Aliyesema ni nani? Mimi ndiye nitakayelala hapa. Tulikubaliana paka mmoja abaki kwangu."

"Tulikubaliana kimoja changu," alisema Bi Somoe. "Bila mikono yangu mngezika paka na mimba yake. Tazama mkono huu. Nimezika sita, Mize, sina wa kuongeza. Mwanangu anazaa leo, anazaa sasa, na mtoto hazaliwi nyumba ya wengine. Atazalia kwetu, katika chumba kisicho na mtazamaji."

"Na kimoja changu," alisema Pazi. Hakupaza sauti. "Nilisema mpaka azae. Nimekaa siku tisa. Hata nyumba za kujenga sizitaki tena. Nakitaka kwa sababu nyingine, shemeji, na unaijua." Akakitazama kitoto, kitoto kikamtazama. "Hamwoni kwamba mimi ndiye ninayehitaji kutazamwa?"

Uani, Mwanaheri akavuta pumzi ya uchungu, ndefu. Bi Somoe akamsikia Pazi akivuta. Mwanaheri akashusha. Pazi akashusha.

Hapo ndipo walipo. Kitoto ni kimoja, na paka hatazami sehemu mbili. Kikibaki kwa Mize, Mwanaheri anazaa katika chumba kisichotazamwa. Kikienda kwa Mwanaheri, Pazi anatembea mjini bila wa kumtazama. Akipewa Pazi, mkunga amekatwa kidole bure, na mwenye paka hana paka. Wote watatu walisema kweli, wote watatu walipeana mikono.

Msinitazame mimi. Mwanaheri hana muda, semeni upesi. Je, nani alistahili?