Mlinzi wa Maji na Vyungu vya Kisaru

Hebu niambie kwanza wewe unayeuliza: mtu akilinda kitu cha watu wote, nani ampikie?

Usijibu haraka. Mmemsikia redioni yule mbunge mzee wa nchi ya jirani, walipokuwa wanabishana juu ya mkuu wa taasisi yao ya kuzuia rushwa. Serikali inataka ofisi yake iwekwe chini ya waziri. Waziri ndiye ampe nyumba, gari na watu wa kumfungulia geti. Na jamaa za waziri huyo huyo ndio wanaochunguzwa. Mzee akasimama, akasema, "Mlinzi wa maji hali chungu kimoja," akaketi. Wenzake wakacheka, nanyi mkacheka, mkadhani mzee wa watu ana njaa.

Hakuwa na njaa. Maneno hayo yana kwao, na kisa chake nilisimuliwa na bibi yangu mzaa mama tukipukuchua mahindi.

Upareni, kwenye mgongo wa mlima ulioitwa Kisaru, palikuwa na nyumba arobaini na mbili na ndiva moja. Ndiva ni bwawa la kuchimbwa, kingo zake udongo na mawe. Maji ya kijito hujikusanya humo, asubuhi huzibuliwa yakateremka kwa mfereji mpaka mashambani, leo kwa hawa, kesho kwa wale. Mwenye zamu hunywesha. Asiye na zamu hutazama. Na kutazama maji yakipita kando ya mahindi yako yaliyosinyaa, usiyaguse, wajukuu zangu, si kazi ndogo. Ndiyo maana pakawekwa mlinzi.

Mlinzi hakuwa mtu wa Kisaru. Alitolewa mgongo mwingine, asiwe na shamba hapa, wala mke wa hapa, wala shemeji. Alichaguliwa na nyumba zote. Mfumwa, yaani mtawala wetu, aliweza kuhukumu na kutoza, lakini hakuwa na ruhusa ya kumfukuza mlinzi wa ndiva.

Chakula chake kilikwenda hivi: leo anakula nyumba ya kwanza, juu kabisa karibu na ndiva. Kesho ya pili. Hivyo hivyo mpaka ya arobaini na mbili kule chini mfereji unakoishia, halafu anaanza upya. Anakula kilichopo.

Wakati huo mlinzi alikuwa Sekiondo, mzee mrefu mwenye pengo, magoti yakilia kila akipanda. Alikuwa na bakuli lake la mti na mdomo usiotulia. Akitoka nyumba hii anaisema nyumba ile: kwa fulani magadi yamezidi kama dawa ya ng'ombe, kwa fulani makande yametolewa motoni mapema, mahindi yake ni kokoto. Watu walicheka, wakapika vizuri zaidi zamu ikirudi. Lakini akila, macho yake hayakulala. Anaona darini kuna mahindi au kuna buibui. Anaona bustani ya nyuma ya jiko imeungua. Na mtu akimpakulia mgeni, husema ya moyoni. Kwa hiyo Sekiondo alijua maji yanafika wapi na yanakatikia wapi, hata kabla ya kutembea mfereji.

Aliyekamatwa akiiba maji alinyang'anywa jembe. Jembe hutundikwa kwenye nguzo ya ndiva, kila mtu alione, mpaka mwenyewe alete mbuzi aliwe na wote.

Mwaka mmoja mvua za vuli zikakataa. Wingu linakuja, linatutazama, linaondoka. Watu wakawa hawakai. Mtu akisimama mlangoni anatazama juu, akiingia ndani anatoka tena. Asubuhi moja Sekiondo akapita mfereji, akakuta umetobolewa, maji yanaingia kwenye miwa. Miwa ya Kangero, mdogo wake mfumwa. Na Kangero mwenyewe yumo, matope magotini, jembe mkononi.

"Nipe hilo jembe," Sekiondo akasema.

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuomba. Mwingine ningemnyang'anya."

Mchana jembe la Kangero lilikuwa nguzoni. Watu walipita pale mara mbili mbili kana kwamba wamesahau kitu.

Mfumwa Mashambo akapanda mwenyewe mpaka ndiva.

"Sekiondo, jembe lile linanipaka matope usoni."

"Matope huoshwa, mfumwa wangu. Alete mbuzi, litashuka."

"Mbuzi wa mdogo wangu aliwe na watu wa kule chini?"

"Ndiyo desturi. Mwaka juzi ulimla mbuzi wa Senzighe, tena mguu wa nyuma."

Mashambo hakuwa mjinga. Alijua akimfukuza mlinzi, nyumba arobaini na mbili zitauliza kwa nini. Kwa hiyo hakumfukuza. Alimheshimu.

Aliita mkutano, akasema kwa sauti ya huruma kabisa, "Watu wangu, hamwoni haya? Mzee anayetulindia uhai wetu anazunguka na bakuli kama mkiwa. Magoti yake hamyasikii? Kuanzia kesho atakula kwangu, atalala kwangu, mpaka mwisho wa siku zake."

Watu wakapiga makofi. Wajukuu zangu, walipiga makofi! Ulikuwa mwaka wa njaa, na kila mwenye chungu alihesabu kwamba amepunguziwa mgeni mmoja. Sekiondo naye, sitamficha, alifurahi. Miguu ilikuwa inamuuma kweli.

Mtu mmoja tu hakupiga. Nakundwa, mjane wa nyumba ya arobaini na mbili, ambaye mfereji ulikuwa unamalizikia shambani kwake. Zamu ya kumlisha mlinzi ilikuwa yake kesho yake, na maharage alikuwa ameshayaloweka. Alifungua kinywa. Jirani yake akamfinya ubavuni: "Nyamaza, wewe. Umepewa nafuu." Akanyamaza.

Basi Sekiondo akahamia kwa mfumwa. Chakula gani hakula! Nyama ya kuchoma, ndizi za maziwa, dengelua, ile pombe ya miwa. Aliyemjazia bakuli ni nani? Kangero. "Ongeza, baba. Huu mfupa una uboho, nimekuchagulia." Siku ya nne jembe halikuwepo nguzoni. Mbuzi hakuonekana. Sekiondo aliitazama ile nguzo, akapangusa mdomo, akapita.

Wiki ya pili akakuta mfereji umetobolewa pale pale, tundu limefunikwa majani ya mgomba. Akainama. Akaziba kidogo. Watu walipomuuliza maji yanapotelea wapi, akasema, "Ni fuko. Mwaka wa ukame fuko huchimba sana."

Kijiji kikawa na neno la kusema mtoni. "Fuko wa Kisaru anapenda miwa." "Na anatumia jembe, mwenzangu." Walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kutazama nyuma kwanza. Wenye mashamba ya juu walianza kulala mchana ili usiku walinde mfereji; kila mmoja alihisi mwenzake anaiba. Wawili walipigana kwa fimbo kwenye kivuko. Wa chini walishuka kutafuta maji ya kunywa mtoni, mwendo wa asubuhi nzima. Na Sekiondo hakuyaona hayo, kwa sababu hakuingia tena jiko la mtu. Alikuwa akipanda ndiva na kushuka kwa mfumwa, akipanda na kushuka.

Shamba la Nakundwa lilikuwa limetoa maua. Mahindi yakitoa maua yanataka maji siku zile zile; ukiyachelewesha unapata majani ya ng'ombe. Na alikuwa na watoto wanne. Siku ya zamu yake ya kunywesha alikaa mferejini tangu jua kuchomoza, jembe mapajani. Yalikuja maji ya kulowesha kisigino tu, yakakatika. Wiki iliyofuata hata hayo hayakuja.

Siku ya tatu baada ya hapo, adhuhuri, watu wakamwona Nakundwa akipanda mlima, chungu kichwani. Wakamfuata, mmoja mmoja, bila kuulizana. Akaingia moja kwa moja uani kwa mfumwa, yeye na Kangero na Sekiondo walipokuwa wanakula, akakitua chungu mbele ya Sekiondo.

"Shikamoo, baba. Leo ni zamu yangu. Nimechelewa wiki saba."

Kangero akacheka. "Mama, huku hakuna njaa. Mpelekee mumeo."

"Mume wangu amekufa, na wewe ulikula matanga yake," Nakundwa akamjibu bila kumtazama. "Baba, lete bakuli."

Mfumwa akasema, "Mwache, ale. Makande ya maskini hayaui."

Sekiondo akapakuliwa. Akatafuna, akatafuna tena, ule mdomo wake wa zamani ukamponyoka: "Lo! Mahindi gani haya, mwanangu? Magumu hivi, na mazito, makubwa yote sawasawa…"

"Ni ya mbegu, baba."

Akaacha kutafuna.

"Ya shambani yamekufa," Nakundwa akasema. "Darini nilibakiwa na yale niliyochagua ya kupanda. Nimewapikia watoto, na wewe nimekuletea fungu lako. Baada ya hapa sina la kupika wala la kupanda. Nilitaka ulionje."

Sekiondo akayameza yale mahindi kwa shida, akaweka bakuli chini, akasimama, na magoti yakalia mbele za watu wote.

"Maji yaliibwa na Kangero," akasema. "Nilimwona mara ya kwanza nikasema. Mara ya pili nikaona tundu lake, nikaliziba, nikanyamaza. Fuko hayupo. Kila nilipotaka kusema, kinywani mlikuwa na nyama yake."

Mfumwa akanawa mikono taratibu. "Vizuri. Basi tafuta pa kula."

Nyumba arobaini na mbili zilikuwepo pale, na hakuna aliyekohoa. Bibi yangu alisema hapo ndipo kijiji kilipopimwa, maana kumkaribisha Sekiondo kesho yake ilikuwa ni kumgusa mfumwa machoni. Mnataka kujua yaliyofuata? Senzighe, yule aliyetozwa mbuzi mwaka juzi, alimlisha kesho yake, kisha nyumba nyingine, na nyingine. Watu wa nyumba sita walikataa, wakaogopa mpaka uzeeni. Kangero alileta mbuzi, tena amekonda. Nakundwa alichangiwa mbegu, akapanda masika. Vuli ile ilikuwa imeshakwenda, hakuna aliyeweza kumrudishia. Na mfumwa hakuacha kutafuta njia nyingine ya kumheshimu mlinzi.

Lakini yote hayo yalikuja baadaye. Uani pale, kimya kilipozidi, sauti iliyosikika ilikuwa ya mwanamke mmoja, akiinua chungu chake kitupu, akisema lile alilofinywa asiliseme siku ya makofi:

"Mfumwa, mlinzi wa maji hali chungu kimoja. Turudishie mtu wetu."