Jina la Mjukuu wa Nakiete

Hapo zamani, wakati miguu ndiyo iliyokuwa gari letu, aliishi mkunga mmoja kwenye milima ya Upare, Bibi Nakiete. Alikuwa amepokea watoto wa kijiji kizima. Lakini binti yake Nangasu, aliyeolewa mwendo wa siku tatu kutoka hapo, alikuwa amepoteza watoto wawili katika kujifungua, na mimba ya tatu ilikuwa imetimia. Nakiete akajifunga kibwebwe.

"Nikiwahi," aliapa mbele ya majirani, "mtoto atabeba jina la atakayeniwahisha!"

Siku ya kwanza mvua ilimnyeshea msituni kutwa. Jioni akafika kwenye kibanda cha nyasi ambacho mtu mmoja aitwaye Mbonea aliwajengea wapita njia, akakuta mzigo mmoja wa kuni kavu. Ndiyo desturi ya njia ile: ukiwasha kuni, unaacha nyingine kavu kama ulivyozikuta. Akawasha moto, akaanika nguo, akachoma kiazi. Jamani, kiazi kile! Hakuna karamu iliyowahi kumfurahisha hivyo. Asubuhi aliacha kuni nyingine, alizozikausha kando ya moto.

Siku ya pili, miguu imevimba, alipokewa pangoni na mrina asali, mzee Kibacha, akamsimulia aendako na kwa nini. Uji wa moto wenye asali. Maji ya chumvi ya kukanda miguu. Kitanda cha majani makavu! Kulipokucha Nakiete akajifunika tena.

"Kaka, leo napumzika. Nitaondoka kesho."

Kibacha akautupa mzigo wa Nakiete nje. "Toka! Hapa si kwako!"

Akaondoka analia kwa hasira, akimtukana njia nzima.

Alifika saa sita mchana. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu, na wanawake wamekata tamaa. Nakiete akanawa mikono, akapiga magoti. Punde mtoto wa kiume akalia, Nangasu akacheka, vigelegele vikasikika hadi bondeni. Bibi akacheza kwa miguu ileile iliyovimba. Alikuwa ameshinda!

Siku ya kutoa jina, kiapo kile kikiwa kimeenea njia nzima, wakaja wanaume watatu.

"Bila paa langu," alisema Mbonea, "mvua ingekumaliza."

"Na bila moto je?" aliuliza mpita njia aitwaye Kiondo. "Mimi nilitangulia kulala kibandani siku moja kabla yako. Nilikuta kuni zile, na msitu wote umelowa. Nikaona sitapata za kurudisha. Sikuziwasha. Nililala natetemeka ili ajaye azikute."

Kibacha akaangua kicheko. "Si ungewasha hizo ukaushe nyingine, kama bibi alivyofanya? Dada, mimi nilikulisha, nikakukanda, kisha nikakufukuza. Ningekulea siku moja zaidi, ungekuta wanazika."

Nakiete akamtazama mjukuu, akawatazama wale watatu. Mtoto ni mmoja, na jina ni moja.

Haya, nyie mnaonisikiliza: nani alistahili? Angekuwa mjukuu wenu, mngemwitaje?