Sare Moja Pana

Hapo zamani, katika nchi ya Mwegeko, aliyempasha habari Waziri wa Elimu hakuwa katibu wala diwani. Alikuwa Chausiku, mpika chai wa ofisini.

"Bi. Waziri," alisema Chausiku akiweka birika mezani, "huko wilaya ya Mbonde watoto wote wa shule wamevaa nguo moja."

"Vizuri," alijibu Bi. Salha, ndiye waziri mwenyewe. "Sare ndiyo hiyo, nguo za namna moja."

"Si namna moja, Bi. Waziri. Moja! Shati moja. Lina mikono kama tandu alivyo na miguu, na shule nzima imo ndani."

Bi. Salha alipaliwa na chai. Hajamaliza kukohoa, mjumbe wa mfalme akaingia mbio. Kumbe mfalme alikuwa amepita Mbonde, ameliona shati, na amefurahi kupita kiasi. Watoto wa Mbonde walikuwa watoro wa kutupwa. Sasa hatoroki mtu, maana anayetaka kwenda mtoni kuogelea sharti aende na shule nzima, pamoja na kiranja. Halafu kila mkono wa shati ulioning'inia mtupu, watu waliuliza, "Huu wa nani? Mbona hayupo?" Wakawatafuta mabinti waliofichwa jikoni, wakawatafuta wachunga mbuzi, hadi mikono ikajaa.

"Mfalme anasema," mjumbe alitweta, "aliyeleta jambo hili apewe ufunguo wa ofisi ya Mkurugenzi wa Sera ya Elimu. Umpe kesho asubuhi. Ukimpa asiyestahili, uwaziri wako basi."

Ofisi hiyo ilikuwa tupu tangu mkurugenzi wa zamani alipokwenda semina, na semina ikawa haiishi.

Bi. Salha akaita wahusika. Wakaja watatu, wakisukumana mlangoni.

Akatangulia Bwana Mbaruku, mtunga sera. "Mheshimiwa, jambo hili ni langu. Mimi ndiye niliyeandika kwenye waraka kwamba nchi inahitaji sera moja pana, ya kuwaingiza watoto wote kwa pamoja, bila hata mmoja kubaki nje. Miaka nenda, miaka rudi, nimewalilia watoto waliobaki nje. Bila wazo langu, wangeshona nini?"

"Sera, sawa," alisema Bi. Salha. "Shati limetoka wapi?"

Wote wakamgeukia Bwana Shembilu, mpiga chapa. Naye akaangalia viatu vyake.

"Ni mimi, mheshimiwa. Palipoandikwa sera, nilipiga sare. Kila mahali. Asubuhi ile binti yangu alirudishwa nyumbani kwa kukosa sare, basi kichwa changu kizima kilikuwa sare, sare, sare. Na herufi ni zile zile, mheshimiwa. E na a zimebadilishana viti tu."

Mbaruku akaangua kicheko. "Jamani! Mtu anaomba ukurugenzi kwa kukosea!"

"Wewe umepatia miaka yote, kaka," Shembilu alijibu polepole. "Ni mtoto gani aliacha kutoroka?"



Hapo akasogea Bi. Semeni, afisa elimu wa Mbonde, vipande vya uzi bado vimemganda kwenye khanga. "Ndugu zangu, mnagombania shati ambalo hata kifungo chake hamjakishika! Waraka ulipofika kwangu niliusoma, nikajua papo hapo kwamba umekosewa. Nikasema, sera nimeletewa nyingi, zote zimelala kabatini. Hii angalau inashoneka! Nikawaita mafundi cherehani wote, tukatandaza vitambaa uwanja mzima wa mpira, tukaunga."

"Ulijua ni kosa, ukanyamaza?" aliuliza Bi. Salha.

"Nilijua."

"Na kama watoto wangeanguka wote kwa pamoja?"

"Walianguka, mheshimiwa. Wakainuka kwa pamoja."

Shembilu akacheka, kisha akakumbuka kuwa naye ni mgombea, akanyamaza.

Jioni ile Bi. Salha aliusukuma wali pembeni, akabaki anawaza. Nikimpa Mbaruku, ataandika sera nyingine nzuri, nayo italala kabatini. Nikimpa Shembilu, kesho atataka kupiga shule, apige shuka, nchi nzima ijifunike shuka. Nikimpa Semeni, kila afisa atajifunza kuona kosa na kunyamaza. Lakini wale mabinti wa jikoni sasa wanasoma. Nani amewatoa? Akawaza hivi, akawaza vile, wali ukapoa.

Kesho yake asubuhi, watatu hao walisimama mstari mmoja, viganja wazi. Mjumbe wa mfalme alikuwa mlangoni, macho pima. Bi. Salha akapita mbele yao. Akarudi. Akasimama mbele ya mmoja, akamwekea ufunguo kiganjani, akamfumba vidole kimoja kimoja. Kisha akaenda kuketi, mikono mapajani, kungoja kama atabaki na uwaziri wake.

Haya, nyinyi mliotega masikio: yuko Mbaruku aliyewaza, yuko Shembilu aliyekosea, yuko Semeni aliyejua akanyamaza, akashona. Je, ufunguo ule ulistahili kiganja cha nani?