Betri ya Nairobi na Mlango wa Wikio

Wahenga waliposema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, walimaanisha kuwa kitu kilicho mbali, hata kiwe kizuri namna gani, hakimfai mtu siku ya dhiki. Humfaa kile kilicho karibu na mkono wake. Ruqaiya wa mtaa wa Mkomani, Lamu, aliisoma methali hii shuleni, akaiandikia insha na kusifiwa mbele ya darasa. Lakini kuijua methali ni kwingine na kuifuata ni kwingine.

Ruqaiya alikuwa na kipakatalishi kikongwe cha kuchorea ramani za nyumba. Kilichora vizuri, masikini, ila betri yake ilikuwa imekufa kabisa. Ukichomoa waya tu, kinazimika papo hapo. Kaka yake Raiyan, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, aliahidi kumtumia betri mpya. "Wewe tulia, dada. Hiyo ni kazi ndogo," alisema.

Kazi ndogo! Betri ya kwanza ilifika, mdomo wake ukakataa kuingia. Ya pili iliingia, ikafanya kazi siku chache, kisha ikafura kama mahamri ndani ya mafuta, ikabidi itolewe mbio isije ikaunguza nyumba. Ya tatu ilipelekwa uwanja wa ndege, ikarudishwa. Betri iliyo peke yake haipandi ndege, walisema. Ikapandishwa basi. Basi likafika salama Mokowe, gatini pa kuvukia kwenda Lamu, betri haikufika. Ilikuwa imeshushwa njiani pamoja na mzigo wa mtu mwingine. Kila Ruqaiya alipopiga simu, Raiyan alimjibu, "Kesho, inshallah," na kesho hiyo haikuwa na mwisho.

Nako ng'ambo ya ukuta wake kulikuwa na umeme usiokatika. Nyumba yao iliunganishwa na ya Bi Mahfudha kwa wikio, kile chumba kinachojengwa juu ya kichochoro ili wanawake wa nyumba mbili watembeleane bila kushuka njiani. Bi Mahfudha alikuwa na sola juu ya paa lake. Lakini mlango wa wikio ulikuwa umekomewa tangu arusi ya binti yake. Kisa? Bi Mwanatumu, mama yake Ruqaiya, alialikwa kwa ujumbe wa simu. Hakuna mwanamke aliyekuja kubisha hodi na kumwalika kwa mdomo, kama ilivyo ada. "Jirani wa wikio, naalikwa kama mtu baki!" alifoka, akalisukuma komeo. Tangu hapo ukilitaja jina la Bi Mahfudha nyumbani humo, hata chai iligeuka chungu. Ruqaiya aliona heri kuingoja Nairobi kuliko kumkabili mama yake.

Kampuni moja ya wasanifu majengo ya Mombasa ikamwita kwenye mtihani wa kazi. Angechora nyumba mchana mmoja, wao wakimtazama kupitia mtandao, na akifaulu angeajiriwa huku akiishi kwao Lamu. Hakuna alichokitaka maishani zaidi ya hicho. Basi Ruqaiya akachora! Kuta zikasimama, madirisha yakakaa mahali pake, moyo ukimcheza chakacha kwa furaha. Alikuwa amebakisha ngazi tu pale pangaboi lilipoanza kupunguza kasi, kisha likasimama. Stima zilikuwa zimekatika mji mzima. Kioo kikawa cheusi.

"Mama! Nimekwisha!"

Aliwapigia simu wale wasanifu. "Tutakungoja kidogo," walimjibu, "lakini kuna wenzako wanasubiri zamu." Akampigia Raiyan. "Iko njiani, dada!" alisema Raiyan. Ruqaiya nusura aitupe simu baharini.

Bi Mwanatumu alitoka jikoni na mchi mkononi, akamkuta bintiye machozi yakimlengalenga. Hapo Ruqaiya akathubutu kulitamka lile alilolimeza miezi yote. "Mama, sola ya Bi Mahfudha iko hapo tu. Niruhusu."

Mama yake alikwenda moja kwa moja kwenye komeo. Lilikuwa limeshika kutu, halivutiki. Akaligonga kwa mchi, ngo! ngo! ngo!

"Nani huyo avunjaye nyumba?" sauti ikauliza upande wa pili.

"Ni mimi, Mwanatumu! Mwanangu ana mtihani na stima zimekatika!"

"Basi vuta, nami nasukuma! Bismillahi!"

Komeo likaruka, mlango ukafunguka kwa kishindo, na Bi Mahfudha akaangukia kifuani mwa Bi Mwanatumu. Hakuna aliyepata nafasi ya kununa.

"Ndoo, mwanangu, ndoo!" Bi Mahfudha alimpigia kelele Ruqaiya kwa Kiamu, akimwita aje upesi. "Yeo watakuona!"

Ruqaiya alipita mbio amekikumbatia kipakatalishi chake, akachomeka waya. Kioo kikawaka. Mchoro wake ulikuwapo wote, umejihifadhi wenyewe. Akawarudia wasanifu mtandaoni, akaichora ngazi huku wanawake wale wawili wakimchungulia mabegani, wamesahau kabisa kwamba hawasemezani. "Ipandie upande wa jikoni," mmoja akasema. "La, uani!" mwenzake akambishia. Wasanifu kule Mombasa wakaangua kicheko. Alipomaliza, mkubwa wao akasema, "Hongera, Bi Ruqaiya. Kazi ni yako." Vigelegele vikarindima hadi kichochoroni.

Bi Mahfudha akamshika jirani yake mkono. "Nilikukosea, Bi Mwanatumu. Mwaliko ule ningeuleta kwa miguu yangu. Niwie radhi."

"Nimekwisha kukusamehe," Bi Mwanatumu alisema, "tangu ulipoanza kusukuma."

Simu ikalia. Alikuwa Raiyan, anahema kwa furaha. "Dada! Betri yako imefika Mokowe!"

Bi Mwanatumu akaipokonya simu. "Ahsante, mwanangu," alisema, "lakini nyoka tumeshamuua, mimi na jirani yangu." Wote watatu wakacheka mpaka wakashikana, na tangu mchana huo hakuna mtu Mkomani aliyehitaji kufafanuliwa kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.