Kioo Chini ya Lipu

Nchi moja, ndugu zangu, ilikuwa na Bunge bovu. Nasema jengo, msinilishe maneno. Wakoloni walilijenga liwe ghala la pamba. Ulipokuja uhuru likapandishwa ghorofa, juu ya kuta zilizokusudiwa kubeba mabati tu, na kila serikali iliyoingia ikaongeza chake: huyu nguzo za mbele, yule marumaru, mwingine saa kubwa.

Safari hii likaamriwa kukarabatiwa lote, na kazi ya kuta akapewa fundi mwashi mmoja, mwana wa mwashi. Ukuta wa jikoni ulikuwa na ufa. Mafundi mliopo hapa mnajua kinachofanywa: unabandika kipande cha kioo kwa sementi kuvuka ufa, unasubiri. Kioo kikibaki kizima, ufa umelala, piga lipu. Kikivunjika, ukuta bado unatembea, na dawa yake ni kuubomoa mpaka msingi.

Jumatatu fundi alibandua lipu kidogo penye ufa, akabandika kioo kwenye tofali. Ijumaa kilikuwa vipande viwili. Akaenda kwa msimamizi, naye hakumtazama hata usoni. Alimwambia Rais anakuja kufungua jengo baada ya wiki mbili, na kwamba ukuta ule umesimama miaka yote hiyo bila kumwomba fundi ruhusa.

“Piga lipu, mzee. Ukishindwa, wenye mwiko ni wengi.”

Sasa, fundi alikuwa na binti. Miaka mitatu binti yuko nyumbani na cheti chake, na ndiyo kwanza ameahidiwa kazi ya kupika chai katika jiko lilelile la Bunge. Baba akifungua mdomo, wote wawili wamekosa. Akarudi ukutani roho ikimuuma, akaanza kubandua lipu ya zamani iliyobaki ili mpya ishike.

Chini ya lipu akakuta kioo kingine, kimevunjika katikati. Pembeni yake, kwenye sementi, palichorwa samaki kwa ncha ya mwiko. Jamani, samaki yule alimjua. Ilikuwa alama ya marehemu baba yake, aliyemfundisha kazi. Mzee aliuona ufa, akaufunika, akarudi nyumbani akala na wanawe.

Mnadhani fundi alipiga yowe? Alifarijika.

“Kama haukuanguka wakati wa baba,” alisema, “hautaanguka wakati wangu.”

Akapiga lipu. Rangi ikapakwa, Rais akakata utepe, watu wakapiga makofi.

Mwezi wa nne, mvua ilipozidi, ukuta ule ulilala juu ya jiko saa nne asubuhi, chai ikichemka. Waheshimiwa walikuwa ukumbini, hakuna aliyekwaruzwa. Fundi alifukua kifusi kwa mikono. Kabla hajamfikia binti yake alivifikia vile vioo, chake na cha baba yake, vyote bado vimeshika kwenye sementi.

Mnataka kumlaani msimamizi? Mlaanini, anastahili. Lakini na sisi tuulizane. Kuna mwanamke hapa anapigwa, naye anasema mama alivumilia, nami nitavumilia. Kuna ukoo unajua mjomba anawafanya nini watoto, na babu pia alijua. Vioo vimevunjika, tumeviona, tumepiga lipu, tumevaa vizuri tumekuja kanisani.

Wazazi wetu walinyamaza na hawakuangukiwa. Sawa. Leo jikoni yumo nani? Geuka umtazame, ndiye huyo uliyekuja naye.