Kifuu cha Mtoto wa Kindi

Ngano hii aliitoa kwanza bibi yetu, Mwanahija binti Shomvi, huko Muheza, mwaka 1958, wakati wa kupukuchua mahindi. Waliokaa naye penye lundo la magunzi ni mama yetu, kaka yake Mbwarali, na mdogo wao Tabu. Naisema kama alivyoisema.

Paukwa! Sijasikia. Paukwa! Pakawa, hata walio jikoni!

Zamani hizo, wanyama walipokuwa na nyua zao, Mama Kindi alikuwa na mtoto mmoja. Mtoto ana kifuu cha nazi, ana gunzi, ana bua la jani la mpapai. Kutwa nzima ko! ko! ko! Kwaru! Kwaru! Asubuhi kifuu ni mtumbwi. Adhuhuri ni ngoma. Jioni kinalazwa, kinafunikwa jani, kinaimbiwa.

Akapita jirani, Mama Kanga, na kimbelembele chake.

"Shoga, mwanao anakiimbia kifuu?"

"Anacheza."

"Wangu wanajua kila kitu na jina lake. Huyu wako akikua ataposa gunzi!"

Mama Kindi akaona haya. Akamwita mtoto.

"Sikiliza. Kifuu hiki ni sufuria. Gunzi hili ni mwiko. Bua hili ni bomba. Basi. Usinitie aibu."

"Sufuria tu, mama?"

"Sufuria tu."

Mtoto akapika. Akapakua. Akamaliza. Akakaa.

Kesho yake akakaa. Kesho kutwa akakaa. Hakuna ko! Hakuna kwaru! Chakula anakigusa, anakiacha. Mkia umelala kama kamba.

"Mwanangu, nenda kacheze."

"Nimeshapika, mama."

Ua ukanyamaza. Mama Kindi akawa anafagia, anasimama, anatega sikio. Asikie nini? Majani tu. Akaogopa. Akasema moyoni: mtoto huyu ananipotea, naye yupo hapa hapa.

Akautupa ufagio. Akaketi vumbini, pu! Akachukua kifuu, akakivaa kichwani. Kikamfunika macho.

"Mama! Hiyo sufuria! Ulisema mwenyewe!"

"Nilikosea."

"Mama amekosea?"

"Nilikosea, mwanangu. Nishike mkono, sioni njia."

Mtoto kicheko, kwi! kwi! kwi!

"Wewe si mama, wewe ni kobe! Tembea basi! Polepole! Kobe gani anakimbia hivyo?"

Mama akatambaa ua mzima, mtoto mgongoni, bua mdomoni, anapuliza puu! puu!

Mama Kanga akachungulia. "Shoga, umepatwa na nini?"

"Usiniulize mimi," sauti ikatoka ndani ya kifuu. "Muulize mwenye kobe."

Basi wazazi, mpeni mtoto kifuu, msimpe na jina lake. Jina atalitoa mwenyewe, na kesho atalibadili.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Bibi ametangulia, na mjomba Mbwarali pia. Mama yupo. Tabu yupo, Korogwe.