Fundo la Pumzi

Wahenga walinena kwamba linalowezekana leo lisingoje kesho. Maana yake ni kuwa jambo lililo ndani ya uwezo wako ulitende sasa, kwani kesho haina mdhamini. Methali hii wanaijua watu wote isipokuwa mafundi cherehani. Mpelekee fundi kitambaa, atakuapia kwamba nguo ni Jumamosi. Jumamosi ukifika utaambiwa vimebaki vifungo tu, njoo kesho. Wapo watu waliokonda wakisubiri suruali, na ilipokamilika ikawapwaya.

Hata hivyo, katika mtaa mmoja palikuwa na fundi ambaye neno kesho lilikuwa mwiko kinywani mwake. Watu walimwita Leo. Kwa miaka arobaini na moja hakuwahi kumrudisha mteja mikono mitupu siku ya ahadi. Binti yake wa kwanza, kwa upande mwingine, alifundishwa cherehani tangu miguu haijafika kwenye pedali, akawa na mkono mzuri, lakini kila kazi aliiahirisha. Baba yake akambandika jina la Kesho. “Leo amemzaa Kesho,” aliwaambia wateja, “sasa mnashangaa nini?” Jina likamganda kama kupe, akaenda nalo hadi ofisini alikoajiriwa kuwa karani.

Homa ya siku tatu ilimwondoa Leo duniani siku ya Jumapili. Alizikwa Jumanne. Alhamisi mchana mkewe, mwanawe wa kiume na Kesho walifungua duka ili walifagie. Ukutani palining'inia suruali ya kijivu iliyokamilika, na mezani vipande vya koti lake, vimekatwa, havijashonwa. Vilikuwa vya mwalimu mmoja aliyekuwa anaagwa kazini Jumamosi saa nane mchana.

“Nitampigia simu,” alisema kaka yake Kesho. “Mwalimu ni mtu mzima, ataelewa kuwa tuna msiba. Tumwambie wiki ijayo.”

“Baba yenu alimwahidi Jumamosi saa nne,” alisema mama.

“Mama, baba hayupo.”

“Yeye hayupo. Ahadi yake ipo.”

Kesho alivitazama vile vipande. Miaka arobaini na moja ya uaminifu ingevunjika kwa koti moja, tena koti ambalo yeye aliweza kulishona! Akakunja mikono ya blauzi yake. “Usimpigie, kaka. Nitalishona mimi.”

“Wewe? Wewe Kesho?” Kaka alishindwa kujizuia, akacheka machozi yakiwa bado machoni.

“Mimi huyuhuyu. Niletee mkebe wa kamba.”

Leo hakuandika vipimo kwenye daftari. Kila mteja alikuwa na kamba yake nyembamba ya pamba, iliyofungwa kipande cha nguo yake ya kwanza ili itambulike, na vipimo vyake vilikuwa mafundo: bega, kifua, kiuno, mkono. Kesho aliitafuta kamba ya mwalimu hadi akaipata. Penye kifua palikuwa na mafundo mawili yaliyokaribiana. Akadhani baba alikosea akafunga upya, akachagua lile la kwanza na kuanza kazi.

Alishona Alhamisi hiyo mpaka jua likazama, na Ijumaa kutwa. Mgongo ulimuuma, sindano ikamchoma vidole, lakini hakuinuka. Mama alikaa kando akipiga pasi na kusimulia habari za marehemu.

“Asubuhi alinichumbia, jioni akaja na shangazi yake. Nikamwambia, ‘Ngoja kwanza nifikirie,’ akasema, ‘Fikiri, mimi nakusubiri hapa hapa.’ Akakaa mlangoni na shangazi wa watu mpaka nikakubali!”

Kesho akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

“Nilipovunjika mkono, alinisuka nywele miezi miwili,” mama aliendelea. “Mistari imekwenda upogo kama mshono wa mwanagenzi. Nilijifunga kitambaa kila nilipotoka, ila sikumwambia kwa nini. Na mwanao alipochanika sketi shuleni, nani alikwenda na sindano mfukoni, akaishona kabla kengele ya pili haijalia?”

“Baba,” alijibu Kesho. Alimpenda mno baba yake, na sasa alitaka kulia, lakini mshono ulihitaji macho makavu.

Jumamosi saa nne kamili mwalimu aliingia. Alilivaa koti, akajitazama kwenye kioo, akafunga vifungo. Kisha akavuta pumzi, na koti likambana kifua kama gunia lililojazwa kupita kiasi.

“Si neno, binti yangu,” alisema kwa upole. “Nitaliacha wazi. Nitalileta kesho ulirekebishe.”

Kesho akaichukua tena kamba ya vipimo. Mama akaishika ile kamba na kugusa fundo la pili. “Mwanangu, hili si kosa. Hili ni fundo la pumzi. Baba yako alimpima mtu akiwa ametulia, halafu akampima amevuta pumzi. Alisema nguo haivaliwi na maiti.”

Ilikuwa njia rahisi kumwachia mwalimu aende. Mwenyewe ameridhika, na msibani nani angemlaumu? Lakini Kesho alinyoosha mkono. “Vua, mwalimu. Baba alipokata aliacha akiba ya kitambaa kwenye mshono. Utalivaa leo.”

Akafumua mishono ya ubavuni, akashona upya, akapiga pasi. Saa sita na nusu mwalimu alifunga vifungo vyote, akavuta pumzi ndefu, akaitoa taratibu. “Kumbe Leo hajafa,” alisema. Akatoka ameinua kichwa.

Kesho alipoirudisha kamba mkebeni, aliona nyingine mpya iliyofungwa kipande cha gauni lake mwenyewe la shule. Haikuwa na fundo hata moja. Chini yake palikuwa na kitambaa cha buluu kilichokunjwa vizuri. Akakumbuka: mwezi uliopita baba alimwambia, “Pita nikupime, nataka kukushonea gauni.” Mara tatu alimwambia, naye mara tatu akamjibu, “Kesho, baba.”

Hapo alilia kwa sauti. Angetoa chochote kile apimwe na mikono ile mara moja tu, na dakika tano zingetosha.

Mama alimwacha alie, kisha akaichukua ile kamba. “Simama.”

“Mama, umechoka. Tutapima ke—” Neno likamkwama ulimini.

Akafuta machozi, akasimama wima. Mama akafunga fundo la bega, la kifua, la kiuno, la mkono. Kisha akaizungusha tena kamba kifuani.

“Sasa vuta pumzi, mwanangu.”

Akavuta. Mama akakaza fundo, na alasiri hiyohiyo Kesho akakitia mkasi kitambaa cha buluu. Ama kweli, linalowezekana leo lisingoje kesho.